Sikio la Bi Edna

Chai ya Lorna ilishapoa, na sura zilikuwa bado zinapita. Tangu asubuhi alikuwa chumbani kwake katika kituo cha polisi, kusini mwa London, akitazama picha za kamera za madukani. Sura zilimjia polepole kama ndotoni: kinyozi, dereva wa basi, mwanamume aliyewahi kusimama nyuma yake posta, zamani hizo. Wenzake husahau watu. Lorna hakujaliwa hilo, na kwa ajili hiyo polisi walimwajiri.

"Leo usiniangushe," alisema Sajini Haddow, akivuta kiti. "Wakubwa wamenunua mashine ya kutambua sura. Huyu ameishinda. Ukimtaja, nitakupigania. Usipomtaja, Jumatatu huna kazi."

Picha ilikuwa na ukungu. Mtu mmoja, kofia ya sufu imeshushwa hadi kwenye nyusi, shali imefunika mdomo, anatia siagi na jibini ndani ya koti. Palibaki sikio na kipande cha shavu.

Lorna alimjua papo hapo. Harufu ya kastadi ya moto ilimjia puani, akasikia vijiko vikigongana, akajiona mtoto kwenye foleni ya chakula shuleni, tumbo likinguruma kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kitu. Bi Edna wa jikoni alimjazia sahani mara ya pili, kinyume cha amri ya mwalimu mkuu, kisha akatazama dirishani. "Sijaona kitu mimi," alisema kila siku. Miaka yote ya kulisha watoto wa watu, na leo anaiba siagi! Lorna alishikwa na hasira.

"Enhe?" Haddow alisema. "Ni nani?"

"Sijaona kitu mimi."

"Acha utani, Lorna. Mwezi uliopita ulimtaja mtu kwa kisogo tu!"

"Sijaona kitu, Sajini."

Haddow aliguna, akaenda kupiga simu. Lorna aliimwaga ile chai, akatia kikombe chake mkobani.

Nje kulikuwa na manyunyu ya mvua. Kituo cha basi kilikuwa na watu, na kati yao ile kofia ya sufu. Lorna alisogea karibu mno. Bi Edna aligeuka, akamtazama usoni, wala hakumkumbuka.

"Foleni inaanzia nyuma, mwanangu," alisema.

Iliuma. Lorna akaenda nyuma, akasimama.