Askari Konstantino Konstantino

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Felistas alibonyeza kitufe na programu ikaanza kujiandikia majaribio. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la pembejeo mjini Mugumu, na harufu ya dawa ya magugu ilipanda ngazi mpaka kwenye vikombe vya chai. Mkononi alikuwa na chapati. Kabla hajaimaliza, skrini ilijaa mistari ya kijani. Majaribio mia mbili na kumi na nne, yote yamefaulu.

Mfumo waliokuwa wakiujenga uliitwa Linda Shamba. Mkulima akiona tembo anabonyeza simu, mfumo unakiuliza kituo cha askari wa wanyamapori kama kuna askari, kituo kinajibu, na jibu linamfikia mkulima. Njia ambayo mfumo mmoja unaitumia kuuliza mwingine, watu wa kazi hiyo wanaiita API. Kituo kilikuwa na mfumo wake na kilikuwa kimeleta maelezo yake, kurasa tisa. Kilichokosekana ni ufunguo wa kuingilia. Ufunguo ulisubiri saini ya mtu aliyekuwa masomoni.

Kwa hiyo Felistas alitumia programu ambayo ukiipa kurasa kama zile, inatengeneza yenyewe kituo cha mfano kinachojibu kama ambavyo kituo halisi kingejibu, halafu inatunga yenyewe majaribio ya kupima majibu hayo. Programu iliomba jina la askari wa mfano. Felistas hakupenda kutumia jina la mtu bila kumwomba. Alifikiri kwa muda, akaandika Konstantino, jina ambalo hakumjua mtu mwenye nalo. Programu ikataka jina la ukoo. Akaandika Konstantino tena. Namba ya kazi, 12345. Muda wa kufika, dakika ishirini. Ujumbe: "Taarifa yako imepokelewa. Askari wako njiani. Tafadhali kaa mbali na wanyama."

"Bosi," alisema, "hii bado inajibu kwa mfano."

Felistas alisema kwa sauti ndogo kama kawaida yake, na Chrispin, mwenye ofisi, akapunguza redio kama kawaida yake.

"Kwani si kijani?"

"Ni kijani. Lakini kituo chenyewe hakijaunganishwa."

"Dada Feli, uzinduzi ni keshokutwa. Wageni wanatoka Musoma na mapambo nimeshakodi. Tuiwashe hivyo hivyo, ufunguo ukija tunabadilisha. Si uliniambia ni mstari mmoja?"

"Ni mstari mmoja."

"Sasa mstari mmoja ndio unakunyima usingizi?"

Angeweza kusema zaidi. Alimalizia chai, na Alhamisi mfumo ukazinduliwa kwa ngoma na soda.

Jumamosi saa kumi na moja jioni tembo saba walivuka korongo na kuingia katika shamba la mzee Nyangwine, kitongoji cha mwisho cha Machochwe kabla ya mpaka wa hifadhi. Mradi ulikuwa umegawa simu janja moja kwa kila kitongoji, na ya pale alikabidhiwa mke wake, Agness, kwa sababu hasahau kuchaji. Agness alibonyeza. Jibu lilikuja kabla hajafuta jasho.

Kwa desturi ya pale, mtu akivamiwa hupiga yowe. Wanaosikia huitikia na kutoka mbio, wengine na mapanga, wengine na mabati ya kugonga, na asiyetoka hutozwa mbuzi na ritongo, yaani baraza la ukoo. Jioni ile Agness alikuwa ameshafungua mdomo. Mume wake akamshika mkono.

"Imeandikwa tukae mbali," alisema. "Askari wako njiani."

Wakakaa mbali. Baada ya dakika ishirini kamili askari mmoja alifika kwa miguu, akitokea upande usio na njia. Sare yake ilikuwa na mikunjo ya kutolewa kwenye mfuko. Viatu vyake vilikuwa safi ingawa mvua ilikuwa imenyesha mchana. Kwenye kibandiko cha kifuani iliandikwa Konstantino Konstantino, 12345. Hakuwa na kivuli. Agness aliliona hilo, akamletea kigoda.

Askari hakukaa. Alisimama pembeni mwa mahindi mikono nyuma, na tembo wakala. Mmoja alipita pale pale alipokuwa amesimama, akapita katikati yake kama mtu anavyopita kwenye moshi wa jikoni, na baada ya hapo askari alinyoosha kofia. Mahindi yote ya ekari mbili yalikwisha. Kilichobaki ni robo ekari ya ulezi upande wa nyumba. Tembo walipoondoka, askari naye aliondoka.

"Hakunywa hata maji," mzee Nyangwine aliwaambia majirani. "Mstaarabu sana."

Wiki iliyofuata walifika askari wengine katika mashamba mengine manne. Wote walikuwa Konstantino Konstantino, wote 12345, na siku moja walifika wawili kwa pamoja kwa sababu ndugu wawili waliripoti tembo wale wale. Ndugu wale walijadili wa nani ni yupi, wakaacha. Ritongo lilikaa chini Jumatatu iliyofuata. Wazee waliona kwamba ikiwa wenye mamlaka wanafika kila wanapoitwa, na ndani ya muda, hakuna sababu ya mwananchi kukimbia na bati shambani kwa mwenzake. Iliamuliwa kwamba kwa habari ya tembo, yowe halitapigwa tena na asiyetoka hatatozwa mbuzi. Mikono yote ilinyooshwa.

Kituo halisi nacho kilifungua takwimu za Linda Shamba. Machochwe ilikuwa asilimia mia. Kila taarifa ilikuwa na askari, na kila askari alikuwa amefika. Gari pekee la kituo lilihamishiwa kata nyingine, ambako takwimu zilikuwa mbaya.

Habari hizi zilimfikia Felistas moja moja. Mchana hakula. Alipofumba macho kanisani aliona ule mstari mmoja, namba yake na yote. Jumamosi ya tatu alipanda bodaboda mpaka Machochwe, kompyuta ikiwa mgongoni ndani ya begi, bila kumuaga Chrispin.

Aliwakuta mzee Nyangwine na Agness wakikata mabua yaliyovunjika.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," walijibu wote wawili. "Wewe ndiwe mtoto wa kompyuta?" aliuliza mzee. "Tulidhani ni mtu mkubwa mwenye miwani."

Konstantino Konstantino alikuwa amesimama mwisho wa shamba. Agness alikuwa ameripoti dakika ishirini na tano zilizopita. Tembo walikuwa ng'ambo ya korongo, wakisikika wakivunja matawi. Felistas alimwendea yule askari kwanza. Alimtazama usoni. Ulikuwa uso mzuri, usio na makosa, kama wa mtu ambaye hajawahi kuulizwa kitu asichokijua.

"Samahani," Felistas alimwambia.

"Taarifa yako imepokelewa," alisema askari. "Askari wako njiani."

"Wewe ndiye askari."

"Tafadhali kaa mbali na wanyama."

Alirudi kwa wazee na kukaa juu ya mabua.

"Huyu si askari," alisema. "Nimemtengeneza mimi. Au programu imemtengeneza, mimi nikaandika jina. Alikuwa wa majaribio. Alitakiwa abaki kwenye kompyuta mpaka askari wenyewe waunganishwe, nami nilijua hawajaunganishwa, nikanyamaza. Mahindi yenu ni kwa sababu yangu."

Mzee Nyangwine aliendelea kukata mabua matatu, manne.

"Tunajua," alisema.

"Mnajua?"

"Mwanangu, mtu hana kivuli," alisema Agness. "Tembo anampita tumboni. Unadhani sisi hatuna macho?"

"Hata juzi kuku alitagia chini ya miguu yake," alisema mzee. "Kuku wetu yule hamruhusu mtu hata mimi."

Walicheka kidogo. Felistas hakuweza kucheka. Aliifungua kompyuta magotini.

"Naweza kumzima sasa hivi," alisema. "Hapa hapa."

"Ukimzima atakuja nani?"

Felistas alikuwa ameomba moyoni swali hilo lisiulizwe. Aliwaeleza kuhusu gari. Alieleza pia kwamba wakirudi kwenye yowe, angalau majirani wangetoka na mabati, na ulezi ule ungepona.

"Ritongo limeshasema," alisema mzee Nyangwine. "Kuligeuza ni mpaka likae tena, na likae kwa nini, wakati kila mtu anaona askari anafika? Nikipiga yowe leo peke yangu ninaonekana mgomvi."

"Nitakuja niwaambie wazee."

"Utawaambia nini? Kwamba hana kivuli? Wamemwona."

Tembo walianza kuvuka. Walikuwa watano, na mdogo mmoja aliyeshikilia mkia wa mama yake. Felistas alishika mfuniko wa kompyuta kwa mikono miwili. Alitaka kupiga kelele na hakuwa amewahi kupiga kelele maishani. Ilitoka sauti ndogo, kama ya mtu anayeomba kupita kwenye benchi la kanisa. Tembo wa mbele aligeuza sikio, akaendelea. Wazee walimvuta nyuma ya ghala, kila mmoja kwa mkono wake.

Ulezi uliliwa kwa nusu saa. Askari alisimama mikono nyuma.

"Ndio wa kula mpaka mwakani ule," alisema Agness, bila kumwambia mtu yeyote. Kisha alimgeukia Felistas, ambaye alikuwa analia, na kumfuta uso kwa ncha ya kanga. "Sikiliza. Miaka kumi na mmoja nimepiga simu mimi. Kituoni, kwa mtendaji, kwa yule wa wilayani. Hajawahi kuja mtu hata kusimama tu. Huyu anasimama. Na ugali wetu hali."

"Basi niache?"

"Mimi sijasema kuacha wala kuzima. Nasema kitu kimoja kinaniuma kwake. Mtu anasimama kwenye shamba lako linaliwa, halafu hasemi pole. Amelelewa wapi?"

"Hajaandikiwa," alisema Felistas.

"Hilo unaweza?"

"Hilo naweza."

Jumatatu Felistas alifika ofisini kabla ya Chrispin, na huyo alipoingia alimweleza yote akiwa amesimama, kwa sauti ambayo haikuhitaji redio kupunguzwa. Chrispin alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alimsogezea kiti.

"Wanafika au hawafiki?"

"Wanafika. Lakini watu wamebaki bila chakula, bosi. Ulezi wote."

"Nimekusikia. Mimi pia ninaumia." Alikuna kichwa. "Nimempigia yule wa ufunguo. Amerudi kutoka masomoni."

"Amesaini?"

"Ameniuliza ufunguo wa nini. Anasema mfumo unafanya kazi vizuri kuliko yote aliyowahi kuona, kwa nini tuanze kuuchokonoa. Wanataka tuupeleke Itiryo mwezi ujao. Ukizima, Feli, itatubidi tueleze tulizindua nini. Mimi, na wewe uliyebonyeza."

Itiryo ndiko alikozaliwa Felistas. Mama yake alikuwa na mihogo huko, na hakukuwa na tembo hata mmoja. Aliwaza kama askari wangefika hata hivyo, na akaona kwamba wangefika.

Alikaa mbele ya skrini. Mstari wa kuzima ulikuwa pale, mstari wa arobaini na mbili. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe muda mrefu kiasi kwamba skrini ilijizima yenyewe, akaiamsha. Kisha alishuka mpaka kwenye mstari wa sitini, ule wa ujumbe, na mbele ya maneno yote akaongeza mawili: "Pole sana."

Majaribio mia mbili na kumi na tatu yalipita. Moja lilikuwa jekundu, kwa sababu jibu halikufanana tena na lile lililotarajiwa. Felistas alilitazama lile jekundu. Lilikuwa kitu pekee katika kazi yote kilichosema kuna jambo haliko sawa. Programu ilimuuliza kama alitaka ilitunge upya jaribio lile ili likubaliane na jibu. Alibonyeza ndiyo. Yote yakawa kijani.

Siku hiyo hiyo jioni tembo walirudi Machochwe. Hapakuwa na kitu cha kula zaidi ya viazi vichache nyuma ya nyumba na paa la ghala, wakaanza na paa. Agness alibonyeza simu. Baada ya dakika ishirini askari Konstantino Konstantino alifika kutoka upande usio na njia, akasimama pembeni, akaweka mikono nyuma.

"Pole sana," alisema.

Mzee Nyangwine alivua kofia. Nyasi za paa zilikuwa zikianguka nyuma yao mafungu mafungu. Agness alimtazama askari kwa muda, uso ule usio na makosa, kisha akamjibu kama pole inavyojibiwa.

"Asante, baba," alisema. "Tumeshapoa."