Jina la Pili la Ortrun

Nina kitu changu mwenyewe, lakini wengine hukitumia kuliko mimi. Ni nini? Watoto wa jirani husema mswaki, nami nawahurumia mama zao. Jibu ni jina.

Binti yangu Wiebke alijifungua msichana siku ya Jumanne, akatangaza kwamba ataitwa Ortrun. Jina hilo alilikuta makaburini, alipokuwa akimwagilia maua ya baba yake. Mwenye nalo aliishi miaka tisini na saba, na Wiebke akaona jina lililomfikisha mtu huko halina ubaya. Mimi Ortrun wa mwisho niliyemjua akiwa hai alinifundisha kushona darasa la pili, na alikuwa akifinya masikio.

Jumatano majirani walikuja kumwona mtoto, tukaketi kwa chai. Kwetu Ostfriesland, kaskazini mwa Ujerumani, chai ni vikombe vitatu, huondoki kabla, kwa hiyo kila mtu alipata muda wa kutoa maoni. Taalke wa nyumba ya pili alisema mtoto mwenye jina hilo anazaliwa tayari na pensheni. Mumewe Habbo, seremala, akasema lingekuwa trekta angelinunua. Wiebke alinyonyesha tu. Jina la kwanza lilikuwa limeshapita. Lililobaki ni la pili, la kulilainisha. Taalke akapendekeza Marie. Nikamwambia Marie ni chumvi, kila mtu anaitia kila chungu. Mwingine akataja Lilli. Ortrun Lilli, gunia la viazi lililofungwa utepe wa hariri.

Nami nilikuwa nangoja mtu aseme Gesine. Ndilo jina langu, na la bibi yangu kabla yangu. Wiebke sikuwahi kumpa, maana mama mkwe wangu alimpachika jina la dada yake mimi nikiwa bado kitandani. Huyu mjukuu alikuwa nafasi ya mwisho. Nikifa, Gesine litabaki juu ya jiwe tu. Lakini kuomba niliona haya.

Asiyeona haya alikuwa Irmgard, mama wa Eilert, mume wa Wiebke, aliyekuja kutoka mjini na keki yake mwenyewe kana kwamba kwetu hakuna oveni. Alipofika kikombe cha tatu akasema, "Ortrun Irmgard. Lina uzito wake."

"Uzito linao, mwenzangu," nikamjibu. "Viatu viwili vya mguu mmoja."

Taalke akapaliwa na chai. Wiebke akasema watazungumza wenyewe, yeye na Eilert, kisha Ijumaa waende kwa msajili.

Alhamisi nikaenda kwenye karakana ya Habbo. Mtoto akizaliwa, majirani husimamisha korongo wa mbao, ndege anayesemekana kuleta watoto, mbele ya nyumba, juu ya mlingoti, jina la mtoto limeandikwa tumboni, na hapo hukaa mwaka mzima. Habbo alikuwa ameshaandika Ortrun, anangoja la pili. Nikamwambia aandike Gesine. Akauliza kama ni Wiebke aliyesema. Nikamjibu kwamba mzazi aliyechoka hasumbuliwi kwa mambo madogo, na hilo ni kweli. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: jina likishasomwa na kijiji kizima, nani atathubutu kulifuta?

Jumamosi asubuhi korongo akasimama, majirani wakamzunguka na vijiglasi vyao vya pombe kali, kama desturi. Mara Irmgard akashuka kwenye gari, anatabasamu, mkononi ana gazeti lililofunguliwa ukurasa wa matangazo ya uzazi. Ndani ya fremu ya maua pameandikwa: Ortrun Irmgard. Alikuwa amelipeleka tangazo Alhamisi ileile. Akamtazama korongo. Nikalitazama gazeti. Wezi wawili tumekutana kwenye dirisha moja.

Wiebke akatoka na mtoto, akasoma korongo, akasoma gazeti. Watu wakaacha kunywa.

"Jana msajili aliuliza jina la pili," akasema. "Eilert alitaka Gesine, kwa heshima ya mama yangu. Mimi nilitaka Irmgard, kwa heshima ya mama yake. Tukaogopa kuleta vita, tukasema hakuna. Anaitwa Ortrun, basi."

Habbo akajitolea kupanda kufuta. Wiebke akamzuia.

"Apandacho mtu ndicho avunacho. Mama, chukua brashi. Na wewe, mama Irmgard, mshikie ngazi."

Nikapanda na miaka yangu sabini na moja, kijiji kikinishangilia kila kipago. Nikalipaka jina langu rangi nyeupe, polepole, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Chini Irmgard alinong'ona kwamba afadhali lake, Jumatatu gazeti litafungia samaki na kusahauliwa.

Niliposhuka tukatazama juu pamoja. Gesine lilikuwa bado linaonekana, hafifu, kama mshipa chini ya ngozi.

"Upake mara ya pili," akasema Irmgard.

"Rangi imekwisha, mwenzangu."

Akachungulia kopo. Lilikuwa limejaa nusu. Akanitazama, akageuka kumtazama korongo, kisha akalifunika kopo na kukikandamiza kifuniko kwa kisigino cha kiatu chake cha mjini.

"Kweli," akawaambia watu. "Imekwisha."