Shikamoo ya Pijo la Usagara

Saa moja asubuhi ya Jumamosi, Adongo, katibu wa maonyesho ya magari ya zamani, alikuwa ameshafunga kamba kuzunguka uwanja wa nyasi kando ya ziwa, na sasa alikuwa akibandika kanuni kwenye ubao wa matangazo. Kanuni zilikuwa kumi na mbili. Ya kwanza ilikataza kugusa au kuegemea gari. Ya pili ilimtaka kila mwenye mkanda wa chuma kikubwa aufunike kwa shati, usikwaruze rangi. Ya tatu ilikataza kumwuliza mwenye gari linakula mafuta kiasi gani, swali ambalo mwaka uliopita liliwagombanisha watu wawili waliosoma pamoja tangu darasa la kwanza. Ya nne ilisema hivi: gari lililokuzidi umri, liamkie; gari ulilolizidi, subiri likuamkie.

Hiyo ya nne haikuwa na ubishi. Gari likishafika miaka arobaini huanza kusema, kwa sauti inayotoka chini ya boneti, na mengi linayosema ni salamu tu. Ilipofika saa tatu watu walikuwa wakipita kwenye mstari na simu zao mkononi, shikamoo, shikamoo, shikamoo, na magari yakiitikia marahaba, mengine kwa uchovu. Land Rover moja iliyotumikia misheni ilimwuliza kila aliyepita kama amesali. Volkswagen moja iliamkiwa kwa Kijerumani na mgeni wa hotelini, ikaitikia kwa Kisukuma, kwa kuwa umri wake wote ilikuwa Misungwi.

Gari moja tu lilikuwa kimya. Lilikuwa Pijo 404 la mwaka sitini na saba, rangi ya maziwa, na mwenyewe, Revocatus Maige, alikuwa amesimama mbele yake amevaa kofia nyeupe. Revocatus alizaliwa mwaka sitini na sita. Alikuwa amelizidi gari lake kwa mwaka mmoja, kwa hiyo lilipaswa kumwamkia, na alikuwa akisubiri tangu saa mbili.

"Lina mafua," aliwaambia wageni. "Ni huu upepo wa ziwani."

Mkewe, Queen, aliyekuwa pembeni na mwavuli, alisema huenda halijapata kifungua kinywa.

Jambo hili halikuwa dogo. Majaji walikuwa na alama kumi za adabu, na adabu ya gari hupimwa kwa namna linavyomwamkia mwenyewe mbele za watu. Mwaka uliopita gari zuri kuliko yote lilikosa kikombe kwa sababu lilimwambia mwenye nalo "mambo vipi".

Mbele ya Pijo kulikuwa na kadi iliyosimamishwa juu ya kijiti. Ilisema: Pijo 404, 1967. Lilikutwa Usagara likiwa banda la kuku. Limefufuliwa na mmiliki, R. Maige.

Revocatus hakuwa mtu mbaya. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na ni mtu wa kusema "nimejenga" baada ya kuwalipa mafundi, kama wasemavyo watu wengi wenye nyumba. Hivyo "nimefufua" ilimtoka kwa mazoea yaleyale, na kufikia siku ya maonyesho alikuwa anaiamini kabisa.

Aliyelifufua alikuwa Masalu, fundi bodi wa Mirongo, na wakati huo alikuwa amesimama nje ya kamba, hatua mbili tu kutoka kwenye gari. Alikuwa na miaka sabini. Ndiye aliyewatoa kuku. Ndiye aliyekata pipa la mafuta na kuligonga kwa nyundo miezi minne hadi likawa madigadi ya kushoto, lile bati la juu ya gurudumu, na leo hakuna aliyeweza kusema ipi ya kiwandani na ipi ya pipa. Viti alivishona mkewe, Evelina, kwa cherehani yake ya kukanyaga, hapohapo barazani kwao, gari likiwa uani juu ya mawe. Evelina alifariki mwaka juzi, mwezi wa nane, injini ikiwa bado haijarudishwa. Kazi yote ilichukua miaka mitatu. Siku ya kwanza kabisa Revocatus alisema, "Jina lako litakaa kwenye kadi, fundi. Mimi si mtu wa kusahau."

Masalu alikuwa amenyoosha magari ya watu kwa miaka arobaini na tano, na kazi ya fundi bodi ikiwa nzuri haionekani. Hakuwa amewahi kuona jina lake mahali popote. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na alijua gari lingine kama hili hatalifanya tena. Kwa hiyo alimpigia simu binti yake Gladness, muuguzi kule Sengerema, akamwambia aje kusoma kadi. Gladness aliomba ruhusa kazini, akapanda kivuko cha asubuhi, akamnyooshea baba yake shati jeupe. Kuingia ndani ya kamba hawakuweza, maana walioingia ni wenye magari na wageni wao, wenye utepe wa kijani kifuani.

"Nimeandikwa juu au chini?" Masalu aliuliza.

Gladness alisoma kadi mara mbili. "Hupo, baba."

"Tazama nyuma."

Gladness aliinama juu ya kamba, akaigeuza kadi. "Nyuma hakuna kitu."

Masalu aliikodolea kadi macho. Kisha akasema kadi yenyewe ni ndogo, labda nafasi haikutosha. Gladness alimtazama baba yake ndani ya shati lile jeupe.

Hapo ndipo Revocatus alipogeuka na kumwona Masalu.

"Fundi! Afadhali upo. Hebu njoo uliangalie hili, halitaki kuniamkia. Nadhani ni kabureta."

Kwa umri, Revocatus ndiye aliyepaswa kumwamkia Masalu, lakini kanuni zote kumi na mbili zilihusu magari.

Adongo alifika na daftari lake. "Kanuni ya tisa," alisema. "Fundi anaingia kwa dharura tu. Dakika kumi, halafu anatoka. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu," Masalu akasema, akapita chini ya kamba.

Hakufungua boneti. Aliinama, akaweka kiganja chake juu ya madigadi ya kushoto, ile ya pipa.

"Shikamoo baba," Pijo likasema.

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Ni goti la kushoto tu, huku mbele."

"Hiyo ni bushi ya gurudumu. Tutaibadilisha."

Waliokuwa karibu walisikia, wakaendelea kupiga picha. Adongo aliandika kwenye daftari kwamba fundi amegusa gari, kanuni ya kwanza, amesamehewa kwa sababu ya dharura. Revocatus alipiga makofi.

"Mmeona? Limepona! Nilisema ni kabureta." Kisha akamsogelea Masalu, akashusha sauti. "Usitoke, fundi. Majaji wako gari la tatu kutoka hapa. Kaa kule nyuma ya buti, shika kitambaa, uwe kama unafuta bampa. Likikuona huku mbele litachanganyikiwa."

"Na kadi, bosi?"

"Kadi tutaiongelea. Ilifanywa harakaharaka."

Masalu angeweza kukataa. Angepita chini ya kamba, akamshika binti yake mkono, wakaenda kula samaki, na Pijo lingebaki kimya mbele ya majaji. Alilifikiria hilo. Lakini alama kumi zile zingekuwa zimekatwa kwa Pijo, si kwa Revocatus, na hakuna mzazi anayependa mtoto wake afelishwe mbele za watu. Akachukua kitambaa, akaenda nyuma, akachuchumaa.

Majaji walikuwa watatu, na mkuu wao alikuwa injinia mstaafu wa meli, mtu wa kukagua uvungu kwa tochi hata mchana. Walizunguka gari. Walisifia vyuma, walisifia taa, wakagonga madigadi zote mbili kwa ukucha na kusema za kiwandani zinajulikana tu. Kisha wakarudi mbele, wakasubiri, kalamu mkononi. Revocatus alivua kofia.

"Shikamoo baba," Pijo likasema.

Safari hii sauti ilitoka upande wa buti. Jaji mmoja aliliona hilo, akaandika: sauti, nyuma.

"Marahaba, mwanangu!" Revocatus akaitikia, na kifua kikampanda. "Hujambo?"

Pijo halikujibu. Badala yake likauliza, "Mama hajambo?"

"Hajambo kabisa. Si yule pale?" Revocatus akaonyesha kwenye mwavuli, na Queen akapunga mkono.

Upepo ulikuja kutoka ziwani, ukainamisha kadi kidogo.

"Nauliza mama wa cherehani," Pijo likasema.

Jaji mkuu alimgeukia Queen, akamwuliza kwa heshima kama anashona. Queen alisema alishona zamani, shuleni, kwenye somo la sayansi kimu, lakini hakumbuki kama alimaliza ile aproni. Hilo nalo likaandikwa.

Nyuma ya buti, Masalu alikuwa akifuta sehemu ileile moja ya bampa. Jibu alikuwa nalo mdomoni. Alilimeza ili asimharibie mtoto mtihani, na lilikuwa chungu kulimeza.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," jaji mkuu akamwambia Revocatus, akampa mkono. Alama za adabu zilikuwa kumi juu ya kumi.

Kikombe kilitolewa saa tisa. Revocatus alimshukuru Mungu, akamshukuru mke wake, akaishukuru subira. Alisema watu hawajui jinsi alivyolala chini ya gari lile. Ni kweli aliwahi kulala chini yake, siku moja, simu yake ilipodondoka. Mwishoni akawashukuru "na vijana wangu wote", na Masalu, mwenye miaka sabini, akatazama huku na huku kuona hao vijana ni akina nani.

Gladness hakuvumilia. Alipita chini ya kamba bila utepe, akaenda hadi kwenye meza ya katibu.

"Dada, lile gari limesema baba yake ni nani. Mmesikia au hamkusikia?"

"Tumesikia," Adongo alisema.

"Sasa?"

"Nimeandika kwenye muhtasari. Tazama mwenyewe: saa nne na nusu, Pijo lilimwamkia fundi, likamwita baba." Adongo alikuwa mtu wa haki, na alimgeuzia daftari asome. "Tena mimi binafsi nimefurahi. Ila kadi ilishapigwa plastiki."

"Si ikatwe, iandikwe upya?"

"Ikikatwa si kadi tena, dada. Na kikombe kimeshatolewa kwa kufuata kadi. Tukibadilisha kadi, itabidi tubadilishe na kikombe, na mwenye kikombe ameshapiga picha."

Kila neno lilikuwa limefuata utaratibu. Adongo alimpa Gladness soda. Kisha, kwa kuwa hakutaka usumbufu kama ule utokee tena, akafungua ukurasa mpya na kuandika kanuni ya kumi na tatu kwa ajili ya mwakani: fundi akae nyuma ya gari hadi salamu ziishe.

Masalu alikuwa bado kwenye buti; dakika zake kumi zilikwisha tangu asubuhi, ila katika pilika za kikombe hakuna aliyezihesabu. Watu walikuwa wamejaa mbele ya gari, wakipiga picha na Revocatus na kikombe, na nyuma hakukuwa na mtu. Akainamisha kichwa karibu na taa ya nyuma.

"Mwanangu," akasema polepole. "Mama alishatangulia. Mwaka juzi, mwezi wa nane. Nilikuambia, ila ulikuwa hujarudishiwa injini."

"Nilipowashwa nilisikia cherehani imenyamaza," Pijo likasema. "Nikadhani mmehama."

"Hatujahama. Niko palepale."

"Pole, baba."

"Asante, mwanangu."

Alikuwa amepewa pole na watu wengi, msibani na baada ya msiba, wenye maturubai na wenye rambirambi, lakini hii ilimwingia kuliko zote, akalazimika kushika buti kwa mikono miwili. Kanuni ya kwanza ilikuwa imevunjwa tena. Adongo aliona kutoka mezani kwake, na safari hii hakuandika. Alingoja kidogo, halafu akachukua kipaza sauti, kwa kuwa kazi ni kazi.

"Fundi aliyeko kwenye Pijo, muda wa dharura umekwisha. Naomba utoke ndani ya kamba. Asante sana, mzee wetu."

Masalu akakunja kitambaa mara nne, akakiweka juu ya bampa. Gladness alikuwa amemwinulia kamba. Akainama, akapita.

"Kwaheri, baba," Pijo likasema.

"Kwaheri," akajibu Revocatus, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.