Rangi ya Buluu

Hakuwa na cheti. Hakuwa na gari, wala karakana, wala meno mawili ya mbele, wala mtoto wa kumrithisha spana zake. Alichokuwa nacho ni jina. Walimwita Fundi Rangi, maana kila regyuleta, kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi, aliyoitengeneza aliipiga buluu, ikang'aa juu ya mtungi kama imetoka dukani. Wenzake walimcheka kwamba anaremba chuma kama bibi harusi. Hakujali. Mteja akiona buluu alijua ni kazi ya nani.

Jumatatu aliitwa jikoni hospitalini. Wiki iliyotangulia moto uliruka ghafla kwenye jiko kubwa, ukamuunguza mpishi mkuu mkono na kumnyoa nyusi. Meneja alishakata shauri: mama yule alifungulia gesi ovyo, na Ijumaa angeachishwa kazi. Fundi alitakiwa kukagua tu, kisha aandike kwamba kifaa ni kizima.

Mpishi alikuwa amekaa juu ya gunia la vitunguu, mkono umefungwa bendeji. Utani wake haukuungua.

"Kaka, rangi ikibaki nipake na mimi hizi nyusi."

Fundi akacheka, akaifungua regyuleta. Kiwambo cha mpira ndani kilikuwa kizima, springi imenyooka. Akatafuta pembeni lile tundu dogo kama la sindano ambalo kifaa hupumulia. Likiziba, kiwambo hushindwa kucheza, na gesi huweza kupita kwa nguvu isiyotakiwa. Hakuliona. Akakwaruza kwa ukucha. Ukucha ukatoka na buluu. Rangi yake mwenyewe, aliyoipaka mwezi uliopita, tena mara mbili ili ing'ae, ilikuwa imelifunika tundu lote.

Akamwonyesha mpishi ule ukucha.

"Si wewe, dada. Ni mimi."

Alipomweleza, mpishi aliutazama mlango wa ofisi, kisha bendeji yake.

"Mimi nina watoto watatu," akasema polepole. "Wewe una jina lako. Sikwambii la kufanya."

Fundi akarudi nyumbani mchana ule ule, akamwandikia meneja barua kwamba huenda rangi ilichangia kidogo. Mkewe akaisoma, akamrudishia. Alisema barua ile inachungulia dirishani badala ya kubisha hodi.

Akaandika nyingine: "Tundu nililiziba mimi kwa rangi yangu. Mpishi hana kosa lolote." Chini akaorodhesha majiko mengine kumi na moja yenye regyuleta za buluu, na kuahidi kwamba kesho alfajiri angeanza kuyapitia, moja baada ya jingine. Tayari mkewe alikuwa akimchagulia sindano ya kuzibulia matundu.

Akatia sahihi kwa jina lake kamili, lile ambalo wateja hawakulijua. Akailamba bahasha, gundi ikamwingia kwenye pengo, akaibana kwa kiganja hadi ikashika. Kisha akavaa viatu, akaipeleka mwenyewe, na hakuondoka mezani kwa karani wa hospitali mpaka muhuri wa kupokelewa ulipogongwa.