Karatasi za Mwalimu

...na huu upande wa nyuma ni hesabu za kugawanya, hakuna neno la sala, geuza tena, mbele hesabu vilevile, na mtoto mwenyewe kakosa tatu, masikini, "nusu kilo, jirani, ya inchi tatu," anasema seremala, nimemsikia, nimemsikia tangu mwanzo, misumari iko kwenye mizani, mkono wa mizani unatikisika, na mimi nimeshika karatasi kama nasoma barua ya mahakama... miezi saba rumande kwa ukurasa mmoja wa daftari, mtoto wa dini yao walio wengi kanakili sala humo, nami wa dini ya wachache nikauviringishia misumari bila kuangalia, kwani nani huangalia, toka enzi za baba duka hili linafungia misumari kwenye daftari kuukuu, mteja akafungua kwake, akaona jina takatifu limetobolewa matundu, na kabla ya saa sita mchana nikawa mshitakiwa wa kukashifu dini, mimi ambaye hata mbwa simtukani, "paa langu linavuja kama chujio," anaendelea seremala, pole, namwambia, au nadhani nimemwambia... daftari zile alinipa Mwalimu wa nyumba ya pili, bibi mstaafu, wa dini yao kindakindaki, angeweza kunyamaza, wengi walinyamaza, kunyamaza hakumfungi mtu, lakini alisimama na mkongojo wake akamwambia hakimu, "Karatasi nilimpa mimi. Kama kosa ni kutoangalia, basi ni langu, nilizipanga bila miwani," watu wakacheka, hakimu akainamisha uso, na Alhamisi ya wiki iliyopita nikaachiwa, na tangu siku ile nusu ya mtaa hawaitikii salamu ya Mwalimu, naye ndio kwanza anawasalimia kwa sauti zaidi, makusudi, mkaidi yule bibi... "nasikia mnahama," anasema seremala, ndiyo, shemeji anakuja Jumamosi na gari, mama watoto keshafunga sufuria zote, kabakiza moja, na ana haki, ndiye aliyesikiliza mawe yakitua juu ya bati wakati mimi nimelala sakafuni kule, na mwenyewe nilikubali, twende waliko wenzetu, huko nani atanikamata... lakini asubuhi hii Mwalimu kaniletea furushi jingine la daftari, nikarudi nyuma kama kaleta nyoka, akasema, "Nimezisoma zote, mwanangu, kila ukurasa, na miwani nimevaa," akaenda zake, nami nikadhani ni maneno tu ya kunipa moyo, kumbe hii hapa, pembeni chini, alama ya vema, wino mwekundu, mbichi, si ile ya zamani ya hesabu za mtoto, na kwenye hii nyingine ipo, na inayofuata, mbele na nyuma, furushi zima, kwa macho yale mabovu, lo, kakaa siku ngapi bibi yule anasahihisha karatasi za kufungia misumari... "jirani, upo?" nipo, nipo, na huko ndani mama watoto anaimba wimbo wa ibada yetu, ule aliokuwa akiuimba dirisha likiwa limefungwa, na dirisha liko wazi, sijui kama mwenyewe anajua, simwambii ng'o, nimefurahi, naiogopa kidogo furaha hii lakini ni furaha, nitaiitaje tena... na sisi tukihama tutakuwa wengi huko, na Mwalimu atabaki hapa peke yake, mchache kuliko tulivyowahi kuwa sisi, akisalimia watu wasioitikia, hapana, hilo siliwezi, mama watoto nitamwambia mchana, akikataa nitambembeleza, akinuna nitambembeleza tena, "au hamhami?" anasema seremala, mkono wa mizani bado unatikisika, namimina misumari, naviringisha, inatoboa, ya inchi tatu haina adabu, shemeji akija Jumamosi tutamnywesha chai arudi na gari lake tupu, naongeza karatasi ya pili, na ya tatu, zipo nyingi...