Jogoo wa Uzi wa Bluu

Mdogo wangu alirudi nyumbani na cherehani moja na mabegi mawili, na wiki haikuisha kabla baba hajampa kisu chake akishike. Mimi nilikuwa na miaka tisa ya kushika miguu ya kuku.

Niseme vizuri, nisije nikaonekana mchawi bure. Baba anahasi majogoo. Watu hutuletea majogoo wao wachanga kabla hawajaanza kuwika, na wetu tunao uani, ili wanenepe, watulie, waache kupigana. Kuku hushindishwa njaa siku nzima, kisha hulazwa ubavu mezani. Mmoja anashika mabawa na miguu, mwenzake anapasua kidogo kati ya mbavu mbili za mwisho na kutoa korodani, ambazo kwa kuku zimejificha ndani, karibu na uti wa mgongo, ndogo kama punje za maharage. Anayeshika akilegea, kuku anajitupa, kisu kinakata mshipa, na habari yake imeishia hapo. Kwa miaka tisa hakuna aliyefia mikononi mwangu. Nani aliwahi kusema ahsante?

Sasa mikono ya baba imeanza kutetemeka, na kisanduku chake cha vifaa lazima kipate mtu. Nilijua ni changu. Ndipo akaja fundi cherehani na vidole vyake vyembamba.

"Mtajaribu wote wawili," baba alisema. "Sita sita. Atakayeacha hata chembe ndani, jogoo mwenyewe atamsema. Atawika."

Tukawafunga nyuzi miguuni: wangu nyekundu, wake bluu. Mdogo wangu anatumia mkono wa kushoto, ikabidi kila kuku amgeuze upande wa pili, na mimi nikacheka moyoni. Nilicheka mapema. Alizitoa korodani zote nzima nzima, huku akiimba kwa pua.

"Hiyo ndiyo mikono ya marehemu mama yenu," baba akasema.

Roho iliniuma mpaka nikasikia uchungu mdomoni. Mikono ya mama! Na hii yangu niliirithi kwa nani, kwa jirani?

Hapo ndipo nilipoanza kuharakisha. Kuku wangu wa tano, korodani ilipasukia kwenye kibano, na kipande kama punje ya mchele kikabaki ndani. Nilikiona. Nikamfunga uzi mwekundu, nikamwachia, nikanyamaza.

Wiki zikapita. Wenzake wakawa wapole, upanga wa kichwani umepauka, kazi yao kula kama wageni. Yule wa tano upanga ukazidi kuwaka, na akaanza kuwafukuza mitetea uani. Mchana mmoja, mdogo wangu alipokwenda kununua nyuzi za cherehani, nilimkamata. Nikamvua uzi mwekundu, nikamfunga wa bluu niliomvua kuku mmoja wa mdogo wangu, na huyo mwingine nikamfunga ule mwekundu. Ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Siku ya tatu, tukiwa uani tunakunywa chai, akawika. Sauti ilikuwa mbovu, ya kukwaruza, lakini ilikuwa ya jogoo.

Baba akaweka kikombe chini. "Uzi gani?"

"Bluu," nilijibu, haraka kuliko ilivyofaa.

Mdogo wangu akaenda kumkamata. Akainua bawa la kushoto, hakukuwa na kitu. Akainua la kulia, na kovu likawa pale. Kuku wake wote walipasuliwa kushoto, wangu wote kulia. Nyuzi nilikumbuka kubadilisha, kovu sikulikumbuka.

Akanitazama. Nikangoja anianike. Akashusha bawa taratibu.

"Wangu huyu, baba. Nilikosea. Kisanduku mpe dada."

Mtu mwenye akili zake angeshukuru. Lakini niliona baba anavyomtazama kwa upole, nikaona kwamba hata akishindwa anashinda yeye. Ana vidole, ana mikono ya mama, na sasa hata wema ni wake peke yake? Nikapasuka.

"Usinionee huruma! Jogoo ni wangu! Nyuzi nilibadilisha mimi!"

Baba alimaliza chai yake kwanza. "Hilo kovu nimeliona tangu hapa nilipokaa. Ni mikono inayotetemeka, macho bado yapo." Akamsogezea mdogo wangu kisanduku. "Kesho tuna kuku kumi. Wewe utakata."

Nani atashika, hakusema.

Asubuhi nilifika mezani kabla yao. Kuku wa kwanza nikamlaza, nikamkamata mabawa na miguu kama siku zote. Mdogo wangu akapima mbavu kwa kidole, akaingiza kisu, akaanza kuimba kwa pua. Wivu ukanipanda upya, mbichi kabisa. Ningelegeza kidole kimoja tu, baba angeona hiyo mikono ya mama inavyoua.

"Umemshika, dada?" aliuliza, bila kuinua macho.

"Nimemshika," nikasema, nikakaza.