Makaa ya Kibuyu

Alhamisi moja ya mwaka wa 1956, saa nne kamili asubuhi, Chepngeno aliketishwa juu ya kigoda katika veranda ya Bwana Peterson, kule Solai, akapakatishwa kibuyu chake mwenyewe cha mursik, maziwa ya kugandisha, na kuambiwa asitingisike. Mbele yake walikaa memsahib watano, kila mmoja na ubao wake na karatasi yake, wakimchora. Aliyewafundisha ni Memsahib Peterson mwenyewe, mwanamke mrefu aliyejifunza kuchora kwao Ulaya kabla hajaolewa na ng'ombe mia tatu na mume mmoja.

Aliwaambia jambo kwa Kiingereza, akalirudia. Makokha, mpishi, alikuwa anapita na sahani ya skonzi.

"Anasema nini?" Chepngeno aliuliza bila kufungua meno.

"Anasema wasichore wanachojua, wachore wanachoona. Wakutazame wewe mara kumi, karatasi mara moja."

"Mara kumi? Kwani nimewaibia nini?"

Makaa waliyochorea yalikuwa yake. Yale ya Ulaya yalikwisha, kwa hiyo memsahib akaomba ya jikoni, na Chepngeno akaleta ya senetwet, mti ambao kila mama wa Kikalenjin huchoma vijiti vyake ili asugulie kibuyu kwa ndani. Ukikisugua vizuri, maziwa hukaa humo miezi na yasiharibike. Hilo halina ubishi.

Saa sita walimaliza. Chepngeno akanyoosha mgongo, akazunguka nyuma yao kutazama. Kibuyu kilikuwa kimetoka vizuri katika karatasi zote tano, hata ufa wake mdogo wa mdomoni. Mikono nayo si mibaya. Lakini hapakuwa na hata mmoja aliyempa uso. Shingo ilipanda ikafika mahali ikakoma. Memsahib mmoja alijitahidi, akamtia kitambaa cha kichwa, na chini ya kitambaa akaacha peupe.

"Usijali, mama," Makokha alimfariji. "Hata mimi nikinunua kuku siangaliagi uso."

"Mimi huangalia," alisema Chepngeno. Akaokota vipande vya makaa vilivyobaki, akavifunga kwenye pindo la nguo.

Kazi yake ilikuwa katika nyumba ya maziwa. Alikamua, alizungusha mashine ya krimu, na kila Pasaka alipaka kuta chokaa. Ukuta uliotazamana na mlango ulikuwa mweupe kama ganda la yai, na hapo ndipo alipochora ng'ombe wake wa kwanza.

Makokha alikuja kuchukua maziwa ya chai, akasimama. "Meza nzuri," alisema. "Lakini mbona umeitia pembe?"

Kweli ilikuwa meza. Chepngeno alijua ng'ombe ana miguu minne, akaipanga yote minne kama askari. Basi alasiri ile akaenda malishoni, akaketi mbele ya ng'ombe mmoja mwekundu, akamtazama vile mama anavyomtazama kijana aliyekuja kuposa. Alikuwa amemkamua miaka sita na siku hiyo ndiyo aliyomwona. Mfupa mmoja wa nyonga ulikuwa juu kuliko mwenzake. Mguu wa nne haukuonekana, mtu aliuamini tu. Na jicho lilikuwa limechoka, uchovu wa mtu aliyetoa sana na hajaulizwa.

Akarudi, akafuta meza, akachora miguu mitatu na uchovu.

Asubuhi ng'ombe wa ukutani alikuwa amegeuza kichwa na kiwele kimejaa. Chepngeno alinawa mikono akamkamua. Kiprugut, nyapara, aliyaonja yale maziwa, akauliza jambo moja tu.

"Huyu anakula majani ya nani?"

"Ya ukutani."

"Basi sawa," alisema Kiprugut, akaenda zake.

Wiki iliyofuata Bwana Peterson alitangaza kwamba anataka uwanja wa tenisi, na mahali pazuri ni pale kilimani penye upepo. Pale kilimani palikuwa na nyumba tatu za maskwota, na moja ilikuwa ya Chepngeno. Alizaliwa pale. Mama yake alizikwa pale, hatua chache kutoka mafiga yake ya kupikia. Bwana alisema alipofika mwaka wa 1921 hapakuwa na mtu wala nyumba, nyasi tupu na swara, na kwamba vibanda vile vitatu ni vya juzi. D.O., afisa wa wilaya, angekuja Jumatano kutazama na kutia sahihi. Akiona alama ya makao ya zamani, shauri lingepelekwa Nakuru, likae huko labda miaka. Asipoona, trekta ingepanda Jumatatu.

"Una karatasi yoyote?" Makokha aliuliza.

"Nina ukuta."

"Mama, wazungu hawasomi ukuta."

"Basi leo watajifunza. Si walinifundisha mimi?"

Jumanne alisimama mlangoni mwa nyumba ya maziwa, akatazama kilima mara kumi, akatazama ukuta mara moja. Alichora alichoona. Zile nyumba tatu zilikuwepo, na nyuma yake zilikuwepo nyingine kumi na moja, na zizi la miiba, na mama yake uani akisugua kibuyu, na yeye mwenyewe, mtoto wa miaka kumi, ameshika mkia wa ndama. Na mbele ya nyumba ya kwanza palikuwa na kijana wa kizungu juu ya farasi, mkononi ameshika kijinga cha moto, amekinyoosha kwenye paa. Mdomo wa Chepngeno ulikuwa umekatazwa habari ya moto ule kwa miaka thelathini na mitano. Mkono haukuwa umekatazwa na mtu. Ulikwenda wenyewe, na ulipomaliza aliona amesimama wima kuliko alivyosimama asubuhi.

Kabla ya saa kumi ukuta ulianza kutoa moshi. Krimu ya siku hiyo ilinuka nyasi za paa. Bwana Peterson alikuja, akatazama mara moja, akaamuru chokaa. Kiprugut akapaka. Moshi ukapenya. Akapaka mara ya pili, na kwato za farasi zikatokea zikiwa wazi zaidi. Mara ya tatu akaweka brashi chini.

"Bwana, haya ni makaa ya kibuyu," alieleza. "Yakishika kitu, kitu hakiharibiki."

"Paka tena," alisema Bwana.

"Chokaa imeisha, Bwana," alisema Kiprugut, naye amesimama mbele ya debe zima.

Jumatano D.O. alifika, kijana mwekundu, mpole, aliyejifunza Kiswahili kwenye kitabu. Alipanda kilimani, akashuka, akaingizwa nyumba ya maziwa anywe kitu baridi. Akasimama mbele ya ukuta. Moshi ulimkohoza, macho yakamtoka machozi. Mama yake Chepngeno aliinua kichwa kutoka kwenye kibuyu chake, akamsalimu, "Chamgei," na D.O. akavua kofia, maana alilelewa vizuri.

"Huyu aliye juu ya farasi ni wewe?" alimwuliza Bwana Peterson.

"Wakati huo nilikuwa mwembamba," alisema Bwana.

Chepngeno alikuwa ameshika mpini wa mashine ya krimu. Akauachia.

"Bwana D.O., tazama mara kumi."

"Nimekwisha tazama, mama."

"Umeona?"

"Nimeona."

Akatoa kalamu, akaweka karatasi juu ya kopo la maziwa, akatia sahihi. Karatasi ile ilikuwa na mahali pa kuandika nyumba zilizoko kilimani. Haikuwa na mahali pa kuandika ukuta. Aliaga kila mtu kwa mkono, hata mama wa ukutani, na kiganja chake kiliondoka cheusi.

Chepngeno alibakiwa na kipande kimoja cha makaa, urefu wa kidole. Hakulia nacho. Alijichora pale pale ukutani, mlangoni mwa nyumba yake ya kilimani, ukubwa wake kamili, ametazama mbele, na uso akauweka wote.

Jumatatu trekta ilipanda. Chepngeno alikataa kupanda lori la Bwana la kuwahamisha. Alijitwika kitanda na vibuyu vyake, akateremka kwa mguu mpaka karibu na reli, alikopata chumba kwa dada yake.

Alhamisi memsahib watano walifika, wakakosa wa kuchora. Memsahib Peterson akawapeleka nyumba ya maziwa, wamchore yule wa ukutani. Walikaa mpaka saa sita. Siku hiyo karatasi zote tano zilitoka macho. Hayakutoka mikono wala kibuyu, macho tu, karatasi nzima, na kila karatasi ilipogeuzwa yaligeuka nayo. Memsahib Peterson alisahihisha kazi, akaandika "vizuri sana" kwenye zote, akazifungia kabatini. Uwanja ulipokwisha, walikwenda kucheza tenisi.

Uwanja ni mzuri mpaka leo hii. Ila mipira inayoruka upande wa kushoto hugonga kitu ambacho hakipo, na hurudi inanuka moshi. Wameamua kuihesabu kama nje.

Makokha alishuka Jumapili kumwamkia. Alimkuta Chepngeno ameketi mbele ya tangi la maji la reli, lililopakwa chokaa nyeupe, na kando yake kitita kipya cha senetwet.

"Sasa hapa utachora nini, mama?"

"Nitamchora Bwana Peterson anafunga mizigo."

"Lakini hafungi mizigo. Asubuhi hii nimemkaangia mayai."

"Najua. Mimi sichori ninachojua." Alielekeza kidevu kule kilimani, akakaza macho. "Nimeshatazama mara tisa."